Kicheki cha Barabarani

Simu iliita saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne. Dakika naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimemaliza kurudia maneno yangu kumi ya siku ile, na nimezoea kuandika saa pembeni mwa ukurasa kila nikimaliza. Aliyepiga ni mwanamke anayekaa mapokezi katika hoteli moja ya Kiwengwa. Tulijuana kwa kazi. Mara mbili nilimpelekea wageni kutoka uwanja wa ndege, mara zote mbili nikafika kabla ya wakati, na yeye si mtu wa kusahau mambo kama hayo.

"Nnasikia unasema Kicheki," alisema.

"Sisemi Kicheki, bibie. Nina maneno mia na kumi na nne. Yote ya barabarani."

"Hata kusalimia hujui?"

"Kusalimia hakumo kitabuni."

Alicheka mpaka nikasikia mtu mwengine kule kwake akiuliza kuna nini. Kisha akanieleza shida yake. Alikuwa na wageni wawili kutoka Ucheki, mume na mke, wastaafu, wanaotaka kukodi gari na kuliendesha wenyewe kwa siku tatu. Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji. Madereva wawili aliowaita walishindwa kuelewana nao hata juu ya upande wa kupita.

"Sikiliza," alisema. "Wakirudi wanacheka, Wacheki wote wa msimu huu wanaotaka gari ntakupa wewe. Wakirudi wamenuna, kuna bwana mmoja Mbweni ana gari nane, na haipiti siku hajanipigia."

Mimi gari ninayo moja. Ni ndogo, ya milango mitatu, miwili ya abiria na mmoja wa nyuma wa mizigo. Tuliinunua mimi na mke wangu baada ya ghala nililokuwa karani wake kwa miaka kumi na tisa kufungwa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Nusu ya bei ilitoka kwenye akiba yake. Hadi asubuhi ile gari ilikuwa imelala Darajani majuma mengi kuliko ilivyotembea, na tulikuwa tumekwisha kukubaliana, bila kugombana, kwamba msimu ukipita bila kazi ya kudumu tutaiuza. Kwa hiyo nilipokata simu nilimwambia mke wangu, "Nimepata Wacheki." Akaniangalia juu ya miwani. "Wangapi?" "Wawili. Au wote."

Lazima nieleze maneno hayo niliyapataje. Mwaka mmoja kabla yake nilimpeleka Jambiani mwalimu mmoja wa kike, Mcheki, na aliposhuka alisahau chini ya kiti kijitabu chembamba cha wanafunzi. Kushoto kulikuwa na maneno ya Kiingereza juu ya barabara na magari, kulia tafsiri ya Kicheki. Nilipeleka habari kwenye nyumba aliyofikia. Akajibu kwamba nikae nacho, anacho chengine. Kitabu kikiingia nyumbani kwangu hakikai bure. Umeme wa nyumba nimejifunza kwa kitabu, hesabu za ghala kwa kitabu, na Kiingereza chenyewe kwa kamusi na redio. Nikachukua daftari la kurasa mia moja na kulipiga mistari.

Nilianza na safu tatu: Kiingereza, Kicheki, Kiswahili. Baadaye nikaongeza ya nne, ya mahali neno hilo linapoonekana Unguja, kwa sababu neno lisilo na mahali linanitoka upesi. Njia panda, ambayo wao huiita *křižovatka*, niliiweka pale ninapogeuka kila siku kwenda sokoni. Mzunguko, *kruhový objezd*, niliuweka Michenzani. Barabara ya upande mmoja niliiweka Mji Mkongwe, ambako hata gari yangu ndogo hukunja masikio ya vioo kabla ya kupita. Maneno kumi na moja yalikosa mahali. Njia ya chini ya mlima: hakuna. Tramu: hakuna. Minyororo ya kufunga kwenye matairi wakati wa theluji: hakuna, alhamdulillahi. Hayo nayo niliyasoma kama mengine, maana daftari lenye mapengo linaninyima raha.

Matamshi ndiyo yaliyonipa kazi. Wacheki wana herufi moja, r yenye kofia kichwani, inayotaka ulimi utetemeke na meno yafungwe kwa wakati mmoja. Niliitafuta kwa simu, nikaisikiliza, nikaijaribu barazani kila baada ya sala ya alfajiri. Siku ya nne mke wangu aliita kutoka jikoni:

"Bwana, hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Si kikohozi. *Řidič*. Maana yake dereva."

"Basi huyo dereva mpeleke hospitali."

Jumatano saa tatu kamili asubuhi nilikuwa Kiwengwa. Nilikuwa nimeosha gari, nimepima upepo wa matairi yote pamoja na la akiba, na karatasi zote, pamoja na kibali cha mgeni kuendesha, nimezitia kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa pia nimenakili orodha yangu upya, kwa kalamu nyeusi, ili wabaki nayo garini.

Bwana alikuwa mrefu, amevaa soksi ndani ya makubadhi, na mikono yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi ya vyuma. Bibi alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliipokea orodha yangu, akaisoma yote tangu juu hadi chini amesimama juani, kisha akatoa penseli na kuongeza kofia mbili nilizozisahau juu ya herufi. Alinirudishia kama mwalimu anavyomrudishia mwanafunzi daftari, na mimi nikaona haya na raha pamoja.

Nilimtaka bwana aendeshe kwanza uani. Nikasema, "*Vlevo*," yaani kushoto, na akaenda mlango wa kushoto kutafuta usukani. Mke wake akamsukuma aende kulia. Alipotaka kupinda aligusa kijiti cha upande aliouzoea kwao, na badala ya indiketa, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu.

"Mvua ya wapi hiyo, babu?" mtunza bustani alipiga kelele. "Tupe na sisi, maua yanakufa!"

Alizunguka uani mara sita. Mara ya sita waipa hazikucheza. Yule mwanamke wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni amefunga mikono, akitazama. Tukakubaliana niende nao mpaka mjini, nishuke Darajani, wao waendelee peke yao. Bibi alikaa mbele na ramani na orodha. Mimi nikapita nyuma ya kiti chake, nikakunja magoti.

Kwa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kupita kiasi. Kila kilichotokea njiani kilikuwa na jina, na jina nilikuwa nalo. Nikasema tuta, kwa Kicheki, akapunguza mwendo. Nikasema shimo, akalikwepa. Tulikuta kivuko cha wanafunzi mbele ya skuli, nikasema *přechod pro chodce*, na bibi akageuka kuniangalia kwa heshima. Nilianza kuhesabu moyoni Wacheki wa msimu mzima, wawili wawili, wakiingia mlango wa ile hoteli.

Kabla ya kufika Kinyasini njia inapinda kulia na vichaka vinaziba macho. Pale, upande wetu, kulikuwa na fungu la matawi mabichi ya mwarobaini katikati ya lami. Hatua kadhaa mbele fungu jengine, na jengine, mafungu matano mpaka kwenye kona.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuambiwa. Matawi mabichi juu ya lami, yaliyopangwa, maana yake mbele kuna gari mbovu: punguza mwendo, kaa tayari. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mgeni wangu naye alipunguza mwendo vizuri sana. Akasimama pembeni, akawasha taa za hatari, akavuta breki ya mkono, akashuka. Nilidhani anataka kuchungulia kona. Akaokota fungu la kwanza la matawi, akalitupa kwenye majani ya kando. Akapangusa mikono, akalifuata la pili.

Alikuwa anasafisha njia. Kwao, nadhani, tawi barabarani ni tawi lililoanguka, na mtu mwema huliondoa.

Hapo nilitaka kushuka nikakumbuka niko nyuma ya gari ya milango mitatu. Hakuna atokaye nyuma mpaka wa mbele ashuke na kiti kilazwe. Nikatafuta neno la "acha". Halikuwemo. Nikatafuta la "usiguse". Halikuwemo. Katika maneno mia na kumi na nne, ya kukataza nilikuwa nayo ya vibao tu, nikayatoa yote kwa sauti kubwa kupitia dirisha lisilofunguka:

"*Zákaz vjezdu!*"

Maana yake ni marufuku kuingia. Bibi aliweka kidole kwenye orodha, akalipata neno, akanitikisia kichwa kwamba nimelitamka sawa.

"*Zákaz předjíždění!*"

Hilo ni marufuku kulipita gari la mbele. Akalipata na hilo. "*Ano*," alisema, na akalirudia neno langu polepole ili nisikie vizuri ile r yenye kofia.

Nilihamia Kiingereza, nikamwonyesha kiti, mlango, mumewe. Alipofahamu kwamba nataka kutoka, bwana alikuwa amekwisha kurudi, kifua mbele, mafungu yote matano yamo kichakani. Akatia gia. Tukapinda kona, na mbele yetu, hatua zisizofika kumi na tano, lori la matofali limesimama upande wetu, gurudumu la nyuma limepasuka. Alifunga breki barabara. Magoti yangu yalinijulisha.

Chini ya lori alitoka dereva, mtu wa makamo yangu, masizi mpaka kwenye ndevu. Alitazama gari yetu, akatazama nyuma yetu ile lami tupu.

"Alaa! Majani yangu yako wapi?"

Bibi alikuwa ameshuka sasa, na mimi nikatoka kwa kichwa. "Mgeni huyu, yakhe. Kayaondoa. Alidhani yameanguka."

"Yameanguka! Yalianguka kwa mpango, moja moja, hatua kwa hatua?"

"Naomba radhi. Nayarudisha sasa hivi."

"Rudisha mbio, mzee, tusije tukafa hapa kwa usafi!"

Nilikimbia. Nilikuwa nimeshika tawi moja tu mkononi nilipoisikia pikipiki. Ilitokea kwenye kona na kreti kubwa la boflo, mikate ya asubuhi, nyuma, dereva wake akaniona, akaona gari, akaona lori, akafunga breki na kupinda pamoja. Alinikwepa mimi. Kreti likazunguka likagonga taa ya nyuma ya kulia ya gari yangu, na yeye na pikipiki wakalala taratibu kwenye mchanga wa kando. Boflo zikatawanyika kama kuku waliofunguliwa.

Alikaa mchangani akajipapasa viwiko na magoti. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alipojua kwamba ni mzima ndipo alipokasirika.

"Nyie! Magari mawili nyuma ya kona na hata jani moja hamna!"

"Yalikuwepo," nilisema.

"Yalikuwepo lini?"

"Dakika nne zilizopita."

"Dakika nne! Ningelikufa ungeniandikia na sekunde?"

Mgeni wangu alikuwa amesimama na mikono wazi, akitazama tawi nililoshika, kisha lori, kisha kijana wa pikipiki, kisha kioo chekundu cha taa kilichovunjika juu ya lami. Nilimwona anavyofahamu. Uso wake ulibadilika kutoka masikioni kuja mbele. Akachukua orodha mkononi mwa mkewe, akapita na kidole, akanionyesha pale penye *výstražný trojúhelník*, ile pembe tatu ya kuonya ambayo kila gari ya kwao hubeba. Halafu akalionyesha tawi.

"*Ano*," nilisema. Ndiyo.

Alirudi mbio kupita umri wake. Aliyatoa mafungu kichakani, na safari hii aliyapanga kwa kupima miguu, fungu kwa fungu, umbali sawasawa, akarudi kulinyoosha moja lililokuwa limekaa upande. Dereva wa lori alimtazama na panga lake la kukatia matawi mkononi.

"Mashaallah," alisema. "Huyu ungeniazima hata mwezi mmoja."

Mimi nilibaki na aibu yangu. Kosa halikuwa la mgeni. Kwenye safu ya Kiswahili, mbele ya ile pembe tatu, nilikuwa nimeandika "pembe tatu ya hatari", tafsiri sahihi kabisa, na kwenye safu ya mahali nikaandika "buti ya gari". Tangu nimepata leseni sijawahi kuona mtu wa shamba akiitoa. Tunakata matawi. Nilipita mwaka mzima nikiuliza maneno ya kitabu yako wapi barabarani kwetu, na sikuwahi kuuliza ya barabarani kwetu mangapi hayamo kitabuni.

Tukaokota boflo. Kijana alizihesabu: arubaini zilitoka tanurini, kumi na nane zilibaki kretini, ishirini na mbili zilikula mchanga. Nikamwambia hizo ishirini na mbili ni zangu. Hasira zikampungua. Dereva wa lori alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi. Bibi alipangusa boflo kwa leso yake moja moja. Na tukala pale kando ya njia, watu watano, bwana akinywea kifuniko cha chupa.

"Waambie wageni wako," kijana alisema akitafuna, "kwamba mkate wa hoteli hauna mchanga mzuri kama huu."

Niliijaribu kwa Kiingereza. Bibi alicheka akapaliwa.

Gurudumu lenyewe lilikuwa na nati moja iliyoganda. Hapo maneno yangu yalifanya kazi kwa mara ya kwanza kama watu wazima. Bwana alisema gurudumu, nikamfasiria dereva. Dereva alisema jeki, nikamfasiria bwana. Bwana akaleta jeki ya gari yangu, na dereva akaiweka kwenye kiganja, akaitazama kwa huruma, akamrudishia. Mwisho walipanda wawili juu ya bomba la kufungulia nati, Mcheki na Mzanzibari, wameshikana mabega, wakaruka pamoja. Nati ikalia, ikaachia. Walipiga makofi wenyewe.

Nilishuka Darajani saa sita na nusu. Bwana alitoa pochi akinionyesha taa iliyovunjika. Nilimwonyesha kwa mkono: baadaye. Nilikuwa nimeshika amana yake ya dola mia moja, na mkataba nilioutunga mwenyewe, kifungu cha sita, ulisema uharibifu wowote ni juu ya aliyekodi. Siku tatu nilikisoma kifungu hicho. Mke wangu alikisoma mara moja.

"Kimeandikwa vizuri," alisema. "Wewe ungekuwa yeye ungelipa?"

"Ningelipa. Ningenuna."

"Basi ushajijibu."

Jumamosi saa kumi alasiri nilikuwa Kiwengwa. Gari ilirudi imeoshwa, safi kuliko nilivyowapa. Orodha ilikuwa na ukurasa mpya nyuma, mwandiko wa bibi, mambo tisa aliyoyaona njiani yasiyo na jina kitabuni, kila moja na picha ndogo ya penseli: lori linalowasha indiketa ya kulia kumwambia wa nyuma asipite bado, mama aliyebeba kuni anayeinua kiganja na magari yote kusimama, na la kwanza kabisa, matawi matano na kona.

Niliweka dola mia moja mezani, zote. Bwana alizisukuma kwangu. Nikazirudisha kwake. Yule mwanamke wa mapokezi alikuwa ameshasikia habari nzima, maana muuza boflo hupita jikoni kwake kila asubuhi.

"Kwa mkataba wako hizi si zao," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Mkataba unasema hivyo. Lakini mwenye kujua ni mimi, na sikuwaambia."

"Yule wa Mbweni angezichukua na angedai za boflo."

"Naam."

Aliwatazama wageni, ambao walikuwa wanamwonyesha mtunza bustani jinsi ya kuruka juu ya bomba. Walikuwa wanacheka wote watatu.

"Wacheki wako," alisema. "Kila mmoja. Ila saa ya kwanza uwe nao garini."

"Ntakaa mbele."

"Kaa hata juu ya paa, bwana wee. Wa kwanza wanakuja Jumatatu, watu wanne."

Asubuhi yake nilikwenda kutafuta taa. Iliyotumika, lakini nzima, ilikuwa shilingi elfu arubaini na tano. Kuifunga, elfu tano. Boflo ishirini na mbili kwa mia tatu kila moja, elfu sita na mia sita. Hasara yote: shilingi elfu hamsini na sita na mia sita. Faida: Wacheki wa msimu mzima, na gari haiuzwi.